Gari Linachemsha: Namna ya Kumpata Mchawi Kabla ya Kufungua Injini

Gari likichemsha, kila anayeinama kwenye boneti huwa na jibu lake tayari. Mmoja atasema thamostati, ile vali inayoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata moto, itolewe. Mwingine atataka feni ifungwe direkti izunguke muda wote. Wa tatu ataangalia mvuke, atatikisa kichwa na kusema hedi gasketi, ile pakiti inayoziba kati ya silinda hedi na bloku ya injini, imekwenda. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi, lakini swali linalotakiwa kutangulia mara nyingi haliulizwi: linachemsha wakati gani? Kwenye foleni? Mlimani? Dakika tano baada ya kuwasha? Jibu la swali hilo huondoa nusu ya washukiwa kabla spana haijashikwa, na linaweza kukuokoa usilipie rejeta mpya wakati kilichokufa ni relei, ile swichi ndogo ya umeme, ya feni.

Mifano mingi hapa chini ni ya Toyota za petroli zenye injini ya 1NZ-FE na ndugu zake, zile za IST, Probox na Premio, kwa kuwa ndizo zimejaa barabarani kwetu. Utaratibu wenyewe unafaa gari lolote linalopozwa kwa maji.

Kwanza, ukiwa bado barabarani

Mshale wa joto kwenye dashibodi ukianza tu kupanda kwenye foleni, zima AC, kisha weka hita kwenye joto la mwisho na upepo wa juu kabisa. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na huondoa joto la kweli kwenye injini. Mshale ukirudi, endelea taratibu hadi mahali salama. Usiporudi, au taa nyekundu ya joto ikiwaka, au ukiona mvuke, egesha na uzime injini hapo hapo. Kilomita mbili za kusema "nifike tu pale mbele" ndizo zinazopinda silinda hedi ya alumini.

Usifungue mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo ndani yamepita nyuzi 100 na hayajageuka mvuke kwa sababu moja tu: yamebanwa. Ukilegeza mfuniko yanalipuka usoni. Subiri dakika 45 au zaidi, kisha minya hozi ya juu ya rejeta ukiwa umeshika kitambaa. Ikiwa bado ngumu, presha ipo. Ikilegea na ikawa haichomi, zungusha mfuniko hadi kituo cha kwanza, acha upumue, ndipo uutoe. Na usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, iwe kwa ndani au kwa nje. Chuma kinachopoa ghafla upande mmoja hupasuka.

Kumbuka pia kwamba mshale unaweza kukudanganya. Sensa ya joto hupima maji. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Ukiona mshale umepanda kisha umeanguka ghafla bila sababu, usishukuru. Simama. Kwenye gari nyingi za sasa mshale umetengenezwa ukae katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi nyingi, kwa hiyo ukiuona umesogea kidogo tu juu ya kawaida yake, tatizo limeshaanza zamani. Vitz, Passo na gari nyingine ndogo hazina hata mshale, zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikiwa imechelewa. Mwenye gari la namna hiyo ningemshauri anunue kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani, kinachotuma nambari za joto kwenye simu. Injini nyingi zikishapata moto hukaa kati ya nyuzi 80 na 100 hivi. Ukizoea nambari ya gari lako, utaona tatizo mapema.

Linachemsha wakati gani?

Kabla ya kumwita fundi, andika majibu haya.

Linachemsha likiwa limesimama au linatambaa kwenye foleni, kisha linapoa ukipata barabara wazi: tazama feni na hewa inayopita kwenye rejeta. Ukienda mwendo wa 60 upepo wa barabara unafanya kazi ya feni, ndiyo maana ugonjwa unajificha.

Linatulia mjini lakini linachemsha kwenye mwendo mkubwa, likiwa limebeba mzigo, au kwenye mlima kama Kitonga: hapo feni si mtuhumiwa wa kwanza. Injini inazalisha joto jingi kuliko linaloweza kutolewa. Tazama rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji iliyochoka, hozi ya chini inayonywea, au hedi gasketi iliyoanza kuvuja. Mlimani kuna jambo jingine pia. Maji matupu yasiyobanwa huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam, lakini Iringa mjini, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, huchemka kwa takriban nyuzi 95. Gari lenye mfuniko mbovu linaweza kuvumilia pwani mwaka mzima, likakuumbua siku ya safari ya nyanda za juu.

Linapanda joto dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi: thamostati iliyokwama ikiwa imefunga, hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, maji kupungua sana, au gasketi.

Linachemsha AC ikiwashwa tu: kondensa, ile rejeta ya AC, iko mbele ya rejeta ya injini na inaipelekea joto lake. Mfumo uliokuwa ukijikongoja unashindwa. Tafuta uchafu katikati ya kondensa na rejeta, au feni iliyochoka.

Limeanza baada ya matengenezo, hata kama ni kubadilisha maji tu: karibu kila mara ni hewa ndani, mfuniko usio wake, au kava la feni ambalo halikurudishwa.

Maji na uvujaji

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko. Maji yanatakiwa yafike shingoni. Usiridhike na kichupa cha akiba. Kichupa kinaweza kuwa kimejaa hadi alama ya juu huku rejeta ikiwa imepungua lita nzima, na hilo lenyewe ni jibu: mfuniko haurudishi maji, au ule mpira mwembamba unaounganisha rejeta na kichupa una tundu.

Tazama rangi. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ikiwa nzima ina rangi yake, ya waridi, nyekundu, kijani au bluu. Maji ya kahawia ni kutu, yaani gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba au ya kisima kwa muda mrefu. Ukiona utando wa mafuta juu yake, au oili kwenye dipstiki imegeuka kama chai ya maziwa, usiliwashe tena gari hilo hadi lipimwe. Maji yameingia kwenye oili, na beringi za krenki hazivumilii mchanganyiko huo. Kwenye gari la gia otomatiki kuna uwezekano mwingine: kipoza oili ya gia hukaa ndani ya tangi la chini la rejeta, kikitoboka oili ya gia na maji vinachanganyika. Angalia na dipstiki ya gia kabla hujalaumu gasketi.

Uvujaji huacha alama. Kulanti ikikauka inabaki ukoko mweupe au wa waridi. Pitia maungio ya hozi, ule mstari ambapo tangi la plastiki la rejeta linabana alumini, nyumba ya thamostati, na tundu dogo chini ya shingo ya pampu ya maji. Tundu hilo limewekwa makusudi: sili ya pampu ikifa, maji yatokee hapo kabla hayajaua beringi. Ndani ya gari, kapeti iliyolowa upande wa abiria, harufu tamutamu, na kioo cha mbele kinachofanya ukungu usiofutika ni rejeta ndogo ya hita inayovuja. Wengi hawaitafuti huko, wakabaki wanaongeza maji kila wiki.

Kama huoni kitu, laza boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha. Lililo bora zaidi ni pampu ya kupimia presha, ile inayofungwa mahali pa mfuniko. Pandisha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wa gari, usizidishe, usubiri dakika kumi. Presha ikishuka na nje kote pamoja na kapeti ni kukavu, huenda maji yanaingia ndani ya injini.

Mfuniko, kifaa cha bei ndogo kinachodharauliwa

Juu yake kumeandikwa 0.9 au 1.1 kwenye gari nyingi za Kijapani. Hiyo ni presha unayoshikilia, na kwa mfuniko wa 1.1 hata maji matupu hayachemki hadi yafike karibu na nyuzi 120. Springi ikilegea au mpira ukipasuka, faida yote hiyo inapotea, na maji yanatemwa kwenye kichupa hadi yanamwagika.

Geuza mfuniko utazame mpira: usiwe na mpasuko wala ukoko wa kutu. Vuta kile kivalvu kidogo cha katikati, kinatakiwa kirudi chenyewe. Dalili nzuri ya kivalvu kilichokwama ni hozi ya juu kukutwa imenywea asubuhi. Injini ilipopoa ilitaka kuvuta maji kutoka kwenye kichupa, njia ikawa imefungwa. Nunua wenye nambari ile ile iliyoelekezwa na mtengenezaji. Mfuniko wenye presha kubwa zaidi hautibu kitu, utapasua tangi la plastiki.

Feni

Tahadhari: feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Mikono, vitambaa na tai viwe mbali.

Washa gari, washa AC. Kwenye Toyota nyingi feni inatakiwa ianze muda huo huo au punde kidogo. Kisha zima AC, acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta hadi ipate moto kamili. Feni ianze ikikaribia nyuzi 95 hivi, ishushe joto, izime, ianze tena. Mzunguko huo ukiuona mara mbili tatu, upande wa feni uko sawa.

Isipoanza, fuata umeme kwa mpangilio. Fyuzi kwanza. Kisha relei, na njia ya haraka ni kuibadilisha na nyingine inayofanana kabisa kwenye boksi lile lile. Kisha chomoa soketi ya feni uipe mota umeme wa betri moja kwa moja. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na tatizo liko kwenye waya, relei au sensa. Ikizunguka kwa uvivu, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimekwisha na kwenye foleni ya mchana itashindwa. Kwenye Toyota nyingi kuna jaribio la sensa ya joto: chomoa soketi yake injini ikiwa inaunguruma. Kompyuta ya injini ikikosa taarifa inaamua kuwasha feni kwa usalama. Feni ikiwaka kwa jaribio hilo, waya na relei ni vizima, sensa ndiyo ya kuchunguzwa.

Halafu kuna kosa ambalo limetesa watu wengi: feni inayozunguka kinyume. Mtu amebadilisha mota, akageuza waya, na sasa feni inasukuma hewa mbele ikigombana na upepo wa barabara. Weka karatasi mbele ya grili wakati feni inazunguka. Inatakiwa ivutwe ing'ang'anie. Ikipeperuka, waya zigeuzwe. Na kava la plastiki linaloizunguka feni si pambo. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni na kuacha sehemu kubwa ya rejeta bila upepo.

Gari lenye feni ya mkanda na klachi ya mnato (inayoshika kwa oili nzito), kama Hiace na Prado za dizeli, lipimwe injini ikiwa imezimwa lakini bado ni ya moto: zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa iwe na ubishi. Ikizunguka bure mizunguko mingi, au kuna oili imetapakaa katikati ya klachi, imekwisha.

Kufunga feni direkti kunaweza kukufikisha nyumbani. Ukiliacha gari hivyo mwaka mzima unaua mota ya feni, unaelemea alteneta, na umeficha sensa mbovu ambayo pia inaiambia kompyuta imwage petroli kiasi gani.

Thamostati: ipimwe

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa kuwa hili ndilo kosa lililoenea kuliko yote. Fundi anaitoa thamostati, gari linaacha kuchemsha kwa wiki mbili, mwenye gari anaondoka na furaha. Kilichotokea ni kwamba maji sasa yanapita muda wote, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni alfajiri na inaongeza mafuta. Petroli inaliwa, oili inachafuka, silinda zinalika. Zaidi ya hapo, injini nyingi zina njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini, na thamostati ndiyo huifunga njia hiyo ikishafunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto yanazunguka bila kupita kwenye rejeta. Kwenye injini hizo, kutoa thamostati kunaongeza joto mlimani.

Jaribio bila kufungua kitu: washa gari likiwa baridi, ufuatilie hozi kwa kipimajoto chenye umbo la bastola, au kwa mkono kwa uangalifu. Kwenye 1NZ-FE thamostati iko upande wa maji yanayoingia, kwa hiyo hozi ya chini ndiyo ya kutazama. Inabaki baridi, kisha inapata moto thamostati ikifunguka. Injini ikipita nyuzi 95 na hozi ya chini bado baridi, ama thamostati imekwama, ama kuna hewa, ama pampu haisukumi.

Ukishaitoa, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Nyuzi za kufunguka zimechongwa juu yake, na nyingi za Toyota ni 82. Pasha taratibu. Ianze kufunguka ndani ya nyuzi mbili za nambari hiyo, na ikifika 95 iwe imeachia milimita 8 au zaidi. Ikichelewa, ikifunguka nusu, au ikiwa wazi hata kwenye maji ya baridi, nunua nyingine. Wakati wa kuifunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu ili hewa ipite.

Rejeta na pampu

Kwa nje, mulika tochi katikati ya kondensa na rejeta. Wadudu, nyasi, vumbi la barabara ya udongo: vyote hujikusanya hapo na huvioni ukiwa mbele. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza mapezi, na mapezi yaliyolala ni sawa na uchafu.

Kwa ndani, injini ikiwa ya moto, pima uso wa rejeta kwa kipimajoto hatua kwa hatua. Joto linatakiwa lipungue kwa utaratibu kutoka maji yanakoingia hadi yanakotoka. Madoa ya baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba. Visababishi vikubwa ni maji ya chumvi, kutu, na zile poda za kuziba uvujaji, ambazo haziwezi kutofautisha tundu na mrija. Rejeta ya shaba fundi anaweza kuifungua na kuirodi, yaani kuzibua mirija yake kwa fimbo. Ya alumini yenye tangi la plastiki, ikishaziba kweli, ibadilishwe.

Pampu ishike kwenye puli uitikise: isicheze, isikwaruze. Mkanda uwe na mkazo wake. Dalili moja inayosaidia sana ni hita kutoa hewa baridi wakati injini ni ya moto. Ina maana maji ya moto hayafiki huko, kwa kuwa yamepungua, kuna hewa, au pampu haisukumi. Ukiitoa pampu tazama na mapanga yake, kwenye gari lililoishi kwa maji ya kisima yanaweza kuwa yamelika.

Hedi gasketi, mwisho wa foleni

Hadi hapa umetumia muda zaidi ya pesa. Sasa ndipo tuhuma kubwa inaruhusiwa, na nayo ina vipimo vyake.

Injini ikiwa baridi kabisa, washa na minya hozi ya juu. Ikiwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, presha hiyo imetoka kwenye silinda. Siku nyingine, gari likiwa baridi tena, fungua mfuniko, jaza maji, washa. Mapovu machache ya mwanzoni ni hewa ya kawaida. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi. Dalili nyingine ni moshi mweupe unaoendelea hata injini ikipata moto, injini kutetemeka sekunde za kwanza asubuhi, na plagi moja iliyosafishika kuliko wenzake kwa kuwa inaoshwa na mvuke.

Kipimo kinachofunga mjadala ni kile cha kimiminika cha bluu kinachovuta hewa ya shingo ya rejeta. Kikibadilika kuwa njano kwenye injini ya petroli, moshi wa silinda umo ndani ya maji. Mdai fundi kipimo hicho, au cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), kabla hujakubali hedi itolewe.

Ikitolewa, usikubali ibadilishwe gasketi peke yake. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma na geji za unene. Kwenye 1NZ-FE mpindo usizidi milimita 0.05. Uso wa bloku upimwe pia, hedi ikaguliwe nyufa, bolti zikaguliwe urefu, na kukaza kufanywe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa mtengenezaji. Injini ya 2AZ-FE, iliyomo kwenye RAV4 na Alphard za miaka ya 2000, inajulikana kwa nyuzi za bolti za hedi kuchomoka kwenye bloku ya alumini. Hapo gasketi mpya haitashika hadi nyuzi zenyewe zitengenezwe. Na 1KZ-TE ya Prado na Surf inajulikana kwa hedi kupasuka, kwa hiyo ipimwe kwa presha kabla ya kurudishwa.

Vikikaguliwa vyote hivi na gari bado linachemsha, kuna wachache waliobaki: breki zinazobana, katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) iliyoziba, taimingi iliyokosewa, oili iliyopungua.

Kujaza na kutoa hewa

Kazi nzuri huharibikia hapa. Inua pua ya gari, weka hita kwenye joto la mwisho, jaza taratibu kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya distila, isipokuwa kama kopo limeandikwa kwamba tayari imechanganywa. Usichanganye kulanti za aina tofauti. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, minyaminya hozi, ongeza kila inaposhuka, hadi mapovu yakome. Funga mfuniko, acha injini iendelee hadi feni iwake na kuzima mara mbili, na hewa ya hita iwe moto kweli.

Safari ya kwanza iwe fupi, kisha moja ndefu yenye mlima na AC. Asubuhi tatu zinazofuata, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko utazame maji shingoni. Kushuka kidogo siku ya kwanza ni hewa iliyobaki, ongeza. Yakiwa yameshuka tena siku ya tatu, rudi kwenye pampu ya presha.